Namna ya Kumtambua Ndege Mwimbaji Ukiwa Matembezini

Ndege hajatulia vizuri kwenye tawi, tayari mtu ameshafungua kitabu. Anapekua kurasa haraka haraka, anakuta picha tatu zinazofanana, anainua macho kulinganisha, na tawi liko tupu. Nimeyaona haya karibu kila ninapotembea na watu walioanza juzi kutazama ndege. Tatizo lao si macho wala darubini. Wanataka jina kabla hawajamtazama mwenye jina.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja linalorudi katika kila hatua: jina huja mwisho. Kitabu kitakusubiri mpaka jioni, ndege hatakusubiri hata dakika. Sekunde ulizopewa zitumie kutazama, kusikiliza na kuandika.

Ni nani hao waimbaji?

Ndege waimbaji ni ukoo mkubwa mno, takriban spishi 5,000, karibu nusu ya ndege wote duniani. Humo wamo shomoro, kwera, chozi, chiriku, shore, kwenzi, mbayuwayu, mbwigu, mramba, na hata kunguru mwenye sauti ya kukwaruza. Wote wana vidole vitatu vinavyoelekea mbele na kimoja imara kinachoelekea nyuma, mguu wa kushikia tawi. Kiungo chao cha sauti kiko chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kina pande mbili, na kila upande unaweza kutoa sauti yake, ndiyo maana ndege mmoja anaweza kutoa noti mbili kwa wakati mmoja.

Kulijua hili kunakusaidia kuondoa wasiohusika. Teleka, kwa mfano, anafanana sana na mbayuwayu akiwa hewani, lakini si mwimbaji hata kidogo. Mabawa yake ni marefu kama mundu, na miguu yake ni mifupi isiyofaa kukaa wima kwenye tawi au waya. Ukiona kundi limejipanga kwenye waya, hao ni mbayuwayu. Swali moja limeshajibiwa hata kabla ya kutazama rangi.

1. Jiandae kabla ya kutoka

Darubini iliyoandikwa 8x42 inawafaa watu wengi. Namba 8 ni mara ambazo ndege anakuzwa, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Namba ya kwanza ikizidi 10, mtetemeko wa mikono nao unakuzwa na picha inachezacheza. Namba ya pili ikiwa ndogo sana, darubini haikusanyi mwanga wa kutosha alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yenyewe ya waimbaji.

Irekebishe kwa macho yako. Funga jicho la kulia, tazama kitu cha mbali kwa la kushoto huku ukizungusha gurudumu la katikati mpaka kionekane wazi. Kisha funga la kushoto, tazama kitu kile kile kwa la kulia, na safari hii zungusha ile pete iliyo kwenye mrija wa kulia. Ni kazi ya dakika mbili, lakini nimekutana na watu waliotembea miaka na darubini isiyolingana na macho yao, wakidhani kila ndege ana ukungu.

Halafu jizoeze kuinua. Mkazie ndege macho, usiyahamishe, na ulete darubini mbele ya macho hayo hayo. Anayeweka darubini usoni kwanza ndipo aanze kumsaka ndege kwenye majani atazunguka na matawi mpaka ndege aondoke. Jizoeze nyumbani kwa jani moja au nukta ukutani.

Chukua daftari dogo na penseli (wino hutawanyika ukilowa), vaa nguo za rangi tulivu, na uwe umefika jua likiwa linachomoza. Saa mbili tatu za mwanzo ndizo zenye nyimbo nyingi. Jua likishakuwa kali, wengi hunyamaza na kujificha.

Maandalizi moja zaidi hufanyika usiku wa kuamkia matembezi: soma orodha ya ndege wanaoonekana eneo hilo kwa mwezi huo. Mtandao wa eBird, ulioanzishwa mwaka 2002, hukusanya taarifa za watazamaji wa kila mahali na kukuonyesha nani kaonekana wapi na lini. Usijaribu kukariri orodha nzima. Chagua kumi walio wengi, uwajue hao kwa moyo. Ukishawafahamu hao, mgeni akitokea utamwona mara moja kwamba hafanani nao.

2. Mwonyeshe mwenzako bila kumchanganya

Vitabu vingi vinashauri kundi litumie uso wa saa: juu ya mti ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Kwa wasemaji wa Kiswahili njia hii ina mtego. Mshale mfupi ukielekea namba 3, sisi tunasema saa tisa, na ukielekea namba 9 tunasema saa tatu. Kiongozi akinong'ona "saa tatu!", nusu ya kundi inageukia kulia na nusu kushoto. Niliwahi kuona kundi zima likimkosa chozi dume aliyetua peupe kabisa kwa sababu hii hii, wakati watu wanaulizana "saa tatu ya wapi?"

Achana na saa. Taja kitu kinachoonekana na watu wote, kisha shuka kidogo kidogo: "Mti mkavu. Upande wa kulia. Karibu na kilele. Pale tawi linapogawanyika mara mbili." Sema kwa sauti ya chini, na usinyooshe mkono kwa ghafla, maana mkono unaoruka juu humfukuza ndege haraka kuliko maneno.

3. Ukubwa, umbo, na zaidi ya yote mdomo

Usikadirie sentimita. Linganisha na ndege unaowajua. Shomoro ana urefu wa kama sentimita 15, shore kati ya 18 na 20, na kunguru anapita 40. Jiulize: ni mdogo kuliko shomoro? Yuko kati ya shomoro na shore? Anazidi shore? Ukubwa hudanganya kwa mbali, hasa ndege akiwa peke yake dhidi ya anga, kwa hiyo akiwa karibu na ndege mwingine au jani unalolijua, mpime hapo.

Kisha nenda kwenye mdomo na ukae hapo. Ungeniambia nichague alama moja tu ya kuona kwa ndege nisiyemfahamu, ningechagua mdomo. Rangi hubadilika na msimu, na mwanga, na umri. Mdomo ni chombo cha kazi, na kazi haibadiliki kirahisi.

Mdomo mnene wenye umbo la pia ni wa kuvunja mbegu: shomoro, chiriku, kwera. Mdomo mwembamba kama sindano ni wa kuchuna wadudu kwenye majani. Mdomo mpana chini na mfupi ni wa kudaka wadudu hewani. Mbwigu ana ndoano kwenye ncha, kama kipanga mdogo, na huitumia hivyo hivyo: hukamata panzi na mijusi, na mara nyingine huwachomeka kwenye miiba ili awararue vizuri au awale baadaye. Chozi ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, wa kufikia maji matamu ndani ya ua.

Faida ya kuanza na mdomo utaiona siku utakapokutana na chozi jike. Dume wake anang'aa rangi zote za dunia, lakini jike mara nyingi ni kijivu au kijani kilichofifia, bila alama ya kukumbukwa. Anayetafuta kwa rangi atapekua kurasa zote za vindege wadogo wa kijivu na asimpate. Anayeanza na mdomo atauona ule mpindo, na kwa sekunde moja atakuwa ameondoa maelfu ya ndege wengine. Akiwa Afrika au Asia, hapo ajue karibu hakika yuko kwa akina chozi. Wale ndege wadogo wa Marekani wanaoelea hewani mbele ya ua ni ukoo mwingine kabisa, wala si waimbaji, ijapokuwa wanakunywa kinywaji kile kile.

Mwisho tazama mkia: mfupi, mrefu, wa mraba, wenye panda? Mramba ana mkia wenye panda kama wa samaki. Angalia pia anavyokaa, wima au amelala kama fimbo iliyolazwa.

4. Anafanya nini, na wapi?

Mtazame anavyoenda. Shomoro akiwa chini huruka-ruka kwa miguu yote miwili pamoja, wakati kwenzi hutembea, mguu mmoja baada ya mwingine. Mramba hukaa kwenye tawi tupu, hufyatuka kumdaka mdudu, kisha hurudi, mara nyingi kwenye tawi lile lile. Mbwigu hukaa peke yake juu ya kichaka au waya akitazama chini kwa subira ndefu. Vindege wa majanini hawatulii hata sekunde mbili. Yupo anayetikisa mkia juu na chini akitembea kando ya maji, yupo anayening'inia kichwa chini.

Andika pia mahali alipo: kileleni, katikati ya mti, ndani ya kichaka, ardhini, kwenye nyasi. Spishi mbili zinazofanana sana kwenye picha mara nyingi hazikai ghorofa moja ya msitu. Kitabu hakiwezi kukuonyesha hilo vizuri kama utakavyoliona mwenyewe.

Na kiota, kama kipo. Kwa kwera kiota ni kama kitambulisho. Wapo wanaofuma viota mia na zaidi kwenye mti mmoja kwa kelele kubwa, na wapo wanaokaa wawili wawili. Yule aitwaye kitaalamu Ploceus ocularis, mwenye mstari mweusi unaopita kwenye jicho kama miwani, hufuma kiota chenye mrija mrefu unaoning'inia, na mlango uko chini ya mrija huo. Ukiuona mrija wa namna hiyo umeshapata dokezo kubwa hata mwenyewe akiwa hayupo. Tazama kwa mbali. Usisogee kwenye kiota chenye makinda kwa ajili ya kuhakikisha jina au kupiga picha. Mzazi akiogopa kurudi, jua kali au kipanga vitamaliza watoto.

5. Sasa rangi, lakini kwa utaratibu

Rangi imekaa hatua ya tano kwa makusudi. Jambo la kwanza ni mwanga. Ndege akiwa kati yako na jua, ni kivuli tu. Zunguka polepole mpaka jua liwe mgongoni mwako.

Kwa kwenzi na chozi jambo hili lina uzito wa pekee. Bluu na kijani chao kinachometameta hakitokani na rangi iliyopakwa kwenye unyoya. Kinatokana na muundo mdogo sana ndani ya unyoya wenyewe unaorudisha mwanga kwa namna fulani. Nimewahi kusimama chini ya mti nikamtazama kwenzi mmoja kwa dakika kadhaa. Kwanza alikuwa mweusi kama kunguru. Alipogeuza shingo, koo likawa zambarau. Alipochupa kwenda tawi lenye jua, mgongo ukawaka kijani, kisha bluu, na akaonekana na vidoa vyeusi kwenye bawa kama vimewekwa kwa ncha ya brashi. Ndege ni yule yule. Ningeandika "mweusi" na kuondoka, ningepoteza asubuhi.

Jambo la pili, anza na kichwa. Jifunze majina ya sehemu na uzipitie kwa mpangilio mmoja siku zote: utosi, mstari wa juu ya jicho, mstari unaopita jichoni, shavu, koo, kisha rangi ya jicho lenyewe. Baada ya hapo kifua, tumbo, chini ya mkia, mgongo, bawa (je, lina mistari au doa?), na kiuno, sehemu ambayo huonekana tu anaporuka.

Usipuuze jicho. Afrika Mashariki kuna kwenzi wawili wanaochanganywa kila siku, wote bluu inayong'aa juu na rangi ya kutu tumboni. Lamprotornis superbus ana jicho jeupe, na kati ya bluu ya kifua na kutu ya tumbo kuna mshipi mweupe. Lamprotornis hildebrandti ana jicho jekundu la kuelekea chungwa, na hana mshipi ule. Alama mbili, jicho na mshipi, nawe umemaliza. Ila kinda wa superbus bado hana jicho jeupe, lake ni la giza, kwa hiyo usitegemee alama moja peke yake.

Kwera wa manjano nao ni hivyo hivyo. Dume wa Ploceus cucullatus ana jicho jekundu, na dume wa Ploceus intermedius ana jicho jeupe la maziwa na miguu ya kijivu cha bluu. Weusi wa kichwani usikutie haraka, maana kwa cucullatus hutofautiana toka eneo moja la Afrika hadi jingine: kuna mahali kichwa chote ni cheusi, kuna mahali ni uso tu. Shore naye ni mfano mzuri. Kwa walio mashariki na kusini mwa Afrika sehemu ya chini ya mkia ni njano, kaskazini mwa bara ni nyeupe. Ndiyo maana kitabu kilichoandikwa kwa eneo lako kina thamani kuliko kikubwa cha dunia nzima.

Jambo la tatu, jiulize kila mara: huyu ni dume, jike au kinda? Na ni msimu gani? Kwera dume wa spishi nyingi msimu wa kuzaana ukiisha huvua manjano yake makali na kufanana na jike, kahawia yenye michirizi. Baadhi ya chozi dume nao hupoteza mng'ao na kubaki na viraka. Katika miezi hiyo kundi zima la kwera linaweza kukushinda, nami sioni aibu kuandika "kwera, spishi haijulikani". Tafuta kwenye kundi dume mmoja ambaye hajamaliza kubadilika. Yeye atakuambia walio wengi ni akina nani, ingawa si lazima wote wawe wa aina moja.

6. Sauti

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae muda mrefu zaidi, kwa sababu msituni utasikia ndege kumi kwa kila mmoja utakayemwona.

Tenganisha wimbo na mlio. Wimbo huwa mrefu, wenye mpangilio, na kwa kawaida huimbwa msimu wa kuzaana ili kulinda eneo na kuita mwenzi. Mlio ni mfupi: wa kuitana, wa kuonya, wa kinda kuomba chakula. Ndege mmoja ana milio kadhaa, kwa hiyo usishangae ukisikia sauti mpya kutoka kwa ndege unayemfahamu.

Kuiandika sauti si lazima ujue muziki. Chora mstari daftarini: ukipanda sauti inapopanda, ukishuka inaposhuka, nukta kwa sauti za kukatika, wimbi kwa sauti ya kutetema. Chini yake andika silabi unazosikia wewe, kwa masikio yako. Silabi za vitabu vya kigeni zimeandikwa kwa matamshi ya wenyewe. Zako utazikumbuka zaidi. Ongeza maneno machache: kama filimbi, kama mlango unaokwaruza, kama maji ya chupa yanayomwagika. Hesabu pia marudio. "Mara tatu, kimya, mara tatu" ni taarifa nzuri kuliko "anaimba vizuri".

Kwamba sauti inaweza kushinda macho, historia inaonyesha. Gilbert White, mwangalizi wa viumbe wa Uingereza katika karne ya 18, alisikiliza vindege wa kijani-kahawia ambao watu walikuwa wakiwahesabu kuwa aina moja, akatambua kwa nyimbo zao kwamba ni watatu. Wawili kati yao, Phylloscopus trochilus na Phylloscopus collybita, mpaka leo huwatatiza watazamaji wakiwa kimya. Wakifungua mdomo hakuna ubishi: mmoja huimba noti zinazotiririka kushuka kama maji ya kijito, mwingine hurudia noti mbili tu, tip-tap, tip-tap, tip-tap.

Mitego ipo miwili. Wa kwanza ni tiva. Utasikia sauti nzuri kama kengele, na mara moja jibu la haraka, na utaandika ndege mmoja mwenye wimbo wa sehemu mbili. Mara nyingi hao ni wawili, dume na jike, wanaopokezana kwa usahihi wa ajabu. Ukibahatika kusimama katikati yao, sauti moja itatoka kulia kwako na nyingine kushoto, na hapo utaelewa.

Wa pili ni waigaji. Mramba huiga milio ya tahadhari ya ndege na wanyama wengine. Watafiti katika jangwa la Kalahari wamemwona akipiga mlio wa uongo wa hatari, wanyama wanakimbia na kuacha chakula, naye anashuka kukichukua. Kwa hiyo ukisikia ndege watatu tofauti wakitoka kwenye tawi moja, mtafute mwenye sauti kabla ya kuandika majina matatu.

Simu yako inaweza kurekodi. Ielekeze kwa ndege, nyamazeni nyote kwa nusu dakika, na mwisho wa rekodi taja kwa sauti tarehe, mahali na ulichokiona. Nyumbani linganisha na rekodi za xeno-canto, mkusanyiko ulioanza mwaka 2005 ambao mtu yeyote anaweza kuusikiliza bure. Programu kama Merlin, ya Cornell Lab of Ornithology, husikiliza na kupendekeza jina papo hapo. Itumie kama mwenzako mwenye masikio makali: akikuambia "nadhani ni fulani", mtafute huyo fulani kwa macho. Programu hujifunza kutokana na rekodi, na penye rekodi chache hukosea zaidi. Jina lililotolewa na simu pekee mimi silihesabu.

Jambo ninalolisisitiza kwa uchungu: usimpigie ndege rekodi ya wimbo wake mara kwa mara ili ajitokeze. Kwake yeye ni adui aliyeingia nyumbani. Ataacha kulisha makinda aje apambane na sauti isiyo na mwili.

7. Andika hapo hapo

Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa daftari langu ulivyo:

"Novemba. Saa 12:40 asubuhi, mawingu mepesi. Kichaka kando ya maji, katikati ya majani. Mdogo kuliko shomoro, mwembamba. Mdomo mfupi kama sindano. Juu kijani-kahawia, chini njano hafifu. Mstari wa njano juu ya jicho, hakuna mstari kwenye bawa. Miguu kahawia nyepesi. Hatulii, anachuna wadudu chini ya majani. Mlio mmoja laini unaopanda: hu-wiit."

Hakuna jina. Jina lilikuja mchana: mdomo na tabia vilinipeleka kwa vindege wa majanini, kukosekana kwa mistari ya bawa kukaondoa baadhi, miguu isiyo ya giza na mlio wa hu-wiit vikaelekeza kwa Phylloscopus trochilus, na mwezi wa Novemba ukakubali, maana huyo huzaa Ulaya na kaskazini mwa Asia na hukaa Afrika kusini mwa Sahara wakati kule ni baridi. Ana uzito wa gramu 10 hivi, na amevuka jangwa. Ningekutana na maelezo hayo hayo mwezi wa Julai, ningerudi nyuma na kutilia shaka kila mstari. Tarehe nayo ni alama ya utambuzi, kama mdomo.

Kila mmoja kundini aandike chake kabla ya kuzungumza. Mtu mwenye uzoefu akishataja jina kwa sauti, wengine huanza kuona alama ambazo hawakuziona.

8. Fungua kitabu, kisha toa jina

Sasa ndipo. Anza na ukoo, kwa mdomo na umbo. Kisha ramani: spishi isiyofika eneo lenu iweke kando, usiitupe, ila iombe ushahidi mzito. Kisha msimu. Kisha alama za kichwa na sauti. Kwa kila jina unalolifikiria soma pia sehemu ya "anafanana na", na utafute sababu ya kulikataa. Jina linalobaki baada ya kukataliwa mengine ni imara kuliko lililopendwa tangu mwanzo.

Kuhusu majina yenyewe. Kiswahili chetu kina majina mazuri ya ndege, na nayapenda, lakini mengi ni ya ukoo mzima. Chozi ni zaidi ya spishi 130. Anayemwita ndege kwera sehemu moja, mwenzake sehemu nyingine anamwita mnana, na wote wawili wako sahihi kwa watu wao. Andika jina la Kiswahili unalolitumia, kando yake jina la kitaalamu, ili rekodi yako ieleweke na yeyote. Ukipata kwa wazee jina ambalo halimo kitabuni, liandike nalo, pamoja na sababu wanayoitoa ya kumwita hivyo. Mara nyingi jina lenyewe ni sauti ya ndege.

Na usipofikia uamuzi, andika ulipofika: "chozi jike", "kwera asiye na rangi za msimu", "kindege wa majanini, njano chini". Weka alama ya kuuliza pembeni na uache nusu ukurasa wazi. Mwezi ujao pita kichaka hicho hicho, saa ile ile, penseli ikiwa mkononi.